Mstari wa Isale

Rubani anayetaka kutua Kwa Aminieli anajua kwamba hapewi upepo mpaka amalize salamu. Ataita kwenye redio, atataja namba ya ndege yake, ataomba kuambiwa upepo unatoka wapi, na Mama Eunike atamjibu kwa upole kabisa: umeamkaje, baba? Watoto hawajambo? Na mkeo, mguu umepona? Akishajibu yote hayo bila kuonyesha haraka, ndipo ataambiwa kwamba upepo unatoka mlimani, si mkali, na ng'ombe wameshatolewa uwanjani. Marubani wageni hupata taabu siku ya kwanza. Wakirudi safari ya pili huanza kuita wakiwa bado mbali, ili salamu ziishe kabla uwanja haujafika.

Kwenye karatasi za serikali uwanja huo una jina jingine, refu na la heshima, lakini sijasikia mtu akilitumia. Ukimwambia dereva wa teksi wa Njiro akupeleke Kwa Aminieli, atapandisha barabara ya Usa, atakata kushoto kwenye mashamba ya kahawa na migomba, na atakushusha mbele ya banda moja la bati lenye nafasi ya ndege mbili ndogo. Pembeni ya banda kuna chumba ambacho ni ofisi asubuhi na jiko mchana. Redio iko juu ya meza moja na chupa za chai. Mbele yake umelala uwanja wenyewe, ukanda mrefu wa nyasi unaopanda taratibu kuelekea Mlima Meru, na ndege hutua zikipanda na kuruka zikishuka.

Eunike kazi yake ni redio na chai. Mumewe kazi yake ni nyasi. Aminieli ni mzee mfupi, mwenye kofia ya kitambaa ambayo mkewe ameshajaribu kuitupa zaidi ya mara moja, mpole kwa kila jambo isipokuwa nyasi. Kwa nyasi ana kiburi. Anaweza kumwacha mgeni na kikombe mkononi akaenda kung'oa gugu aliloliona kwa mbali. Mtu akitua akasema, mzee, uwanja wako leo umependeza, ataishi na neno hilo wiki nzima. Na katika watu wote waliowahi kukanyaga uwanja ule, mmoja tu hakuwahi kumsifia nyasi zake, na huyo ndiye ambaye sifa yake Aminieli aliitaka kuliko ya wote. Ni kaka yake, Gadiel.

Ardhi walipewa na baba yao. Sehemu ya juu ilikwenda kwa Aminieli, ambaye ndiye aliyeanzisha uwanja, na sehemu ya chini, pale uwanja unapoanzia, ikawa ya Gadiel, ambaye alibaki na kahawa. Kati ya wawili hao baba yao alipanda mstari wa isale.

Kwa mtu asiyetoka Umeruni, isale ni mmea tu wa majani marefu ya kijani, mzuri kwa bustani. Kwa Mmeru isale ni jambo jingine. Ikisimama mpakani, hapa ni kwako na pale ni kwangu, na hakuna haja ya kumwita mpima ardhi. Inapandwa makaburini. Na mtu akimkosea mwenzake kosa la kumkosesha usingizi, humwendea na isale mkononi, na yule aliyekosewa akishaiona hana ruhusa ya kukataa. Atasamehe hata kama moyo bado unawaka. Isale hairudishwi.

Aminieli alikuwa anayajua haya yote tangu utotoni. Ndiyo maana alichokifanya wakati wa masika watu walishindwa kukielewa.

Shamba moja la maua lilikuwa linafungwa, naye akanunua kwao trekta dogo la kukata nyasi, lenye bapa la kusawazishia udongo kwa mbele. Maisha yake yote alikuwa amekata kwa fyekeo na kwa mashine ya kusukuma. Siku trekta lilipowaka alijisikia kijana. Aliukata uwanja wote, akageuza, akaukata tena ingawa hapakuwa na cha kukata. Alipofika mwisho wa chini hakuona sababu ya kusimama. Palikuwa na magugu, akayalaza. Palikuwa na vichaka, akavisawazisha. Na katikati ya vichaka, mpakani kabisa, palikuwa na isale alizopanda baba yao, nazo zikaenda na vichaka. Jioni alikusanya takataka zote akazichoma, na moyo wake ulikuwa mweupe kama wa mtoto aliyesafisha chumba bila kuambiwa.

Gadiel alikuja alipouona moshi. Alisimama pale mpakani, mrefu na mkimya, akiangalia udongo uliosawazishwa.

"Kaka, umeiona mashine?" Aminieli alisema, bado yuko juu ya kiti cha trekta.

Gadiel aliinama akaokota kipande cha jani kilichokosa kuungua. "Hizi alipanda baba."

"Si majani tu, kaka? Zitaota nyingine."

Gadiel aliweka kile kipande mfukoni, akarudi kwake.

Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana, maana Wameru wakigombana ukoo huitwa, watu huketi, na mambo huisha. Gadiel aliacha tu kuja. Alikuwa na desturi ya kupanda uwanjani kila siku saa nne kunywa chai, na kikombe chake cha bati kilikuwa na msumari wake ukutani. Kikombe kikabaki kwenye msumari. Kanisani alihama benchi la familia akakaa upande wa kwaya, yeye ambaye hajui kuimba. Wakikutana njiani alisema habari, akajibiwa nzuri, na kila mtu akashika njia yake.

Na kuna kitu kingine alichoacha. Kwenye shamba lake, nyuma tu ya ule mpaka, Gadiel alikuwa na migrevilea ya kutilia kahawa kivuli. Miti hiyo hurefuka upesi, na ndege zikija kutua hupita juu yake. Basi kila mwaka baada ya mvua Gadiel alipanda ngazi na panga akaikata vichwa, Aminieli akiwa chini ameshika ngazi na kutoa maelekezo yasiyotakiwa. Ilikuwa kama sikukuu. Eunike alipata kuni, ng'ombe wakapata majani, na mke wa Gadiel, Hedwiga, alipika loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, ya kuwatosha wote. Mwaka huu mvua ziliisha, baridi ikaja ikapita, na migrevilea ikaendelea kwenda juu.

"Anafanya makusudi," Aminieli alisema.

"Umemuuliza?" Eunike alisema, huku akikiosha kikombe cha shemeji yake. Alikiosha kila Jumamosi na kukirudisha msumarini, na hakumweleza mtu sababu.

Aminieli hakuwa amemuuliza. Alijua vizuri kwamba amekosa. Alijua tangu lile neno la majani tu lilipomtoka. Lakini kila alipofikiria kushuka kule, kichwa kilimletea kazi nyingine ya haraka, na mtu mwenye uwanja wa ndege hakosi kazi ya haraka.

Sasa, binti yao Angel alikuwa rubani. Alikuwa amesomea Nairobi, akaajiriwa na kampuni ndogo ya mjini inayopeleka wageni mbugani, akapanga chumba Elerai. Alikuwa ameshatua Seronera, ameshatua Ndutu, ameshatua sehemu ambazo twiga husimama pembeni wakiangalia. Nyumbani hakuwahi kutua. Alipokuwa mdogo hakukaa na baba yake wakati ndege zikija. Alikaa mabegani kwa baba yake mkubwa, kule chini kwenye isale, ambako matumbo ya ndege hupita karibu mpaka unainama. Gadiel ndiye aliyesema kabla ya mtu mwingine yeyote kwamba mtoto huyu atakuja kupita hapa akiwa ndani.

Kampuni ilikubali aje Jumamosi, na ikamtuma Kapteni Najim, rubani wao mkuu, aukague uwanja kwanza. Alikuja Jumanne kwa gari lake kutoka Njiro, mtu nadhifu, mwenye adabu. Alimwamkia kila aliyemkuta, akanywa chai, akatembea uwanja wote kwa miguu na Aminieli pembeni yake. Waliporudi alikaa akavua kofia.

"Mzee, uwanja wako ni safi kuliko kapeti la sebuleni kwangu," alisema, na Aminieli akahisi joto kifuani. "Shida ni ile miti ya chini. Imezidi. Ikikatwa, Jumamosi nakaa na Angel tunakuja. Isipokatwa, mzee wangu, mimi siwezi kumruhusu. Utanielewa."

"Nakuelewa. Miti ni ya kaka yangu."

"Ah, basi si kazi."

Aminieli aliangalia chai yake.

"Na kuna kitu nilitaka kuuliza," Najim aliendelea. "Zamani pale mwisho kulikuwa na mstari wa kijani, kijani kweli, hata wakati wa kiangazi. Ukitokea upande wa Usa unauona mapema, unajua uwanja unaanzia pale. Siku hizi siuoni. Nani aliukata?"

"Trekta," Eunike alijibu kwa niaba ya mumewe, akamwongezea mgeni chai.

Gari lilipoondoka mume na mke walibaki mezani. Mlima ulikuwa umejifunika kama kawaida yake ya mchana. Eunike alifuta meza ambayo haikuwa na uchafu, kisha akasema kile ambacho wote wawili walikuwa wanakijua.

"Nenda na isale."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Mama Angel, sikiliza. Isale hairudishwi. Nikienda nayo leo, atanisamehe atake asitake, na kesho yake nitamwambia kata miti. Huko si kuomba msamaha. Ni kumfunga mtu mikono halafu kuingia shambani kwake. Nitakuwa nimemkosea mara mbili."

"Miezi yote hii hukwenda kwa sababu ya kiburi," Eunike alisema. "Leo huendi kwa sababu ya uadilifu. Mimi naona umekaa kwenye kiti kilekile."

Aminieli alitoka akaenda kuangalia nyasi, ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Jioni alimpigia Angel simu. Alikuwa amepanga maneno. Alisema kwamba kuna miti, kwamba Jumamosi labda haitawezekana, kwamba mambo ya viwanja yana taratibu zake.

"Baba, usiwaze," Angel alisema. "Mambo ya kutua nitatua hata mwakani, uwanja hauhami. Ila baba mkubwa atakuwepo?"

"Wapi?"

"Pale chini. Siku nikija."

Aminieli alikohoa. "Sijui, mwanangu."

Upande wa pili zilisikika pikipiki za Elerai. "Mimi nilikuwa nataka awepo yeye," Angel alisema mwishowe. "Hizo nyingine poa tu."

Aminieli aliweka simu kwenye meza akabaki ameishika. Aliumia, na aliumia mahali palepale alipokuwa anapakwepa tangu masika. Alikuwa amejiaminisha kwamba anachokosa ni miti kukatwa. Mtoto alikuwa amemwonyesha, bila kujua, kwamba miti ingeweza kukatwa yote mpaka shina na bado Jumamosi isingekuwa na maana, kwa sababu pale chini pasingekuwa na mtu. Na si Angel peke yake aliyekuwa anamtaka mtu huyo. Saa nne za asubuhi zilikuwa zimekuwa ndefu sana.

"Nitakwenda," alimwambia mkewe. "Lakini miti sitaitaja. Kampuni ikikataa, ikatae."

"Ni kaka yako," Eunike alisema. "Utajua mwenyewe."

Alhamisi mchana alivaa koti la kanisani. Hakuchukua isale ya uani. Alikwenda migombani, kwenye kaburi la baba yao, ambako isale zilikuwa zimenenepa kwa kukosa wa kuzisumbua, akajikuta anapiga hodi. Aliona haya kidogo, akaangalia kama kuna mtu amemsikia, kisha akakata tawi moja zuri lenye kichwa kizima cha majani.

Hedwiga alikuwa uani anachambua kahawa. Alimwona shemeji yake anaingia, akaona kilichoko mikononi mwake, na badala ya kumkaribisha alisimama akamwita mumewe. Gadiel alitoka nyuma ya nyumba na mikono yenye maji. Aliikausha kwenye suruali, mkono mmoja, kisha mwingine, akasimama mbele ya mdogo wake.

Aminieli alilishika lile tawi kwa mikono miwili. "Kaka, nimekukosea. Niling'oa alichopanda baba. Halafu nikasema ni majani tu. Hilo neno ndilo lililokuwa baya zaidi, na nimelibeba tangu siku ile. Nakuomba unisamehe."

Gadiel alilipokea tawi. Ilibidi alipokee. "Nimekusamehe," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma kilichoandikwa, akaliweka kwenye ndoo ya maji karibu na mlango.

Walikaa. Hedwiga alileta loshoro, na kwa muda kulikuwa na kazi ya kula. Gadiel alizungumza habari za ng'ombe aliyezaa, na za kahawa iliyokuwa na ugonjwa wa majani. Aminieli alijibu kila kitu kwa uangalifu. Kutoka alipokaa aliiona migrevilea, juu ya paa la banda la ng'ombe, ikitikisa vichwa vyake kwa upepo wa mchana.

"Na uwanja?" Gadiel aliuliza.

"Upo. Nyasi zimetulia."

"Ndege zinatua vizuri?"

Aminieli aliiangalia miti, akayatoa macho haraka. "Zinatua."

"Nilisikia Angel anakuja Jumamosi."

"Alikuwa aje. Siku haijakaa vizuri. Atakuja siku nyingine. Anakusalimia sana, anakuulizia wewe kuliko anavyotuulizia sisi."

Gadiel alimtazama usoni, akamtazama mpaka Aminieli akaanza kutafuta kofia yake. "Haya," alisema. "Msalimie shemeji."

Eunike alikuwa anamsubiri mlangoni. "Umemwambia miti?"

"Sikumwambia."

"Aminieli."

"Sikumwambia, Mama Angel. Nimeomba msamaha, nimekula, nimerudi."

Eunike alikwenda ukutani, akakitoa kile kikombe cha bati msumarini, akakiweka kwenye sinia pamoja na vingine. Aminieli alivua koti. Ijumaa alimwandikia Kapteni Najim ujumbe kwamba miti ipo kama alivyoiacha, na usiku ule alilala fofofo, jambo ambalo hakulitegemea.

Jumamosi asubuhi mlima ulikuwa wazi mpaka kileleni. Aminieli alitoka kama kawaida yake kutembea uwanja, akiangalia kama fuko wamechimbua usiku. Nyasi zilikuwa na umande na viatu vyake vililowa. Alikuwa amefika karibu na mwisho wa chini aliposikia jembe.

Gadiel alikuwa amevua koti. Pembeni yake palikuwa na ndoo ya maji, na nyuma yake, kwenye udongo mpya, zilisimama isale, kichwa baada ya kichwa, kuanzia njia ya ng'ombe mpaka kwenye mfereji. Tawi la Alhamisi lilikuwa la kwanza. Mengine yote ilikuwa wazi yametoka kwenye kaburi lilelile.

Aminieli aliyapita mashina ya migrevilea akasimama. Aliangalia mstari, akageuka kuangalia alikotoka, akaangalia mstari tena.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Kaka, nadhani umekosea. Mpaka haukuwa hapa. Ulikuwa kule, kabla ya miti."

"Najua ulipokuwa," Gadiel alisema bila kuacha kulima. "Ulipopandwa mimi nilikuwa nabeba maji. Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama, unalia."

"Lakini ukiuweka hapa, miti itakuwa upande wangu."

"Ndiyo."

"Miti ni yako. Na kipande chote hiki cha kahawa."

Gadiel aliegemea mpini wa jembe. Alikuwa amechoka na hakuficha. "Ule mchana ulipokuja, nilijua tayari habari ya miti. Yule kapteni wako alipita hapa dukani akanunua maji, akamweleza kila mtu. Nilipokuona na isale nikasema, haya, amekuja kuchukua miti. Nikakusamehe kwa mdomo, kwa kuwa sina namna. Kisha nikakaa nikisubiri uitaje. Nikakuuliza uwanja, hukutaja. Nikakuuliza ndege, hukutaja. Nikakuuliza mtoto, ukaniambia siku haijakaa vizuri." Alitikisa kichwa. "Ulipotoka tu kwenye lango langu ndipo nilipokusamehe kweli."



"Na nasikia nyinyi mlikuwa mnasema nafanya makusudi kuiacha miti," Gadiel aliendelea. "Magoti yangu hayawezi tena ngazi nikiwa peke yangu. Nilikuwa nakungoja uje kunishikia. Hukuja. Sasa miti ni yako, kata utakavyo, hata kila wiki. Mimi nimechoka kuangalia juu."

Aminieli alilia. Alilia wima, kofia mkononi, mbele ya ndoo na jembe, na kaka yake alimwacha amalize, kisha akampa lile jembe ili kumalizia mashimo mawili yaliyobaki.

Walimwita Kisioki, jirani mwenye msumeno wa mashine, na kabla ya saa sita vichwa vya migrevilea vilikuwa chini. Aminieli alishika ngazi ambayo haikuhitaji kushikwa, na Gadiel alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akitoa maelekezo yasiyotakiwa. Hedwiga alipika. Eunike alimpigia Kapteni Najim, akamsalimia kwa urefu, akamwambia njooni mwangalie wenyewe mkiwa juu.

Jua lilipoanza kuegemea upande wa mji walikuwa wote chumbani, kati ya redio na chupa za chai. Gadiel alikuwa na kikombe chake. Aminieli alikuwa amepanga kusimama nje, lakini alibaki dirishani.

Sauti ya Angel ilitoka safi, ikitaja namba ya ndege, ikiomba upepo.

"Umekula, mwanangu?" Eunike aliuliza.

"Nimekula. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kapteni hajambo?"

"Hajambo, yupo hapa anacheka. Mama, naiona miti, iko fresh kabisa. Na ule mstari wa kijani umerudi. Ila naona umesogea, au ni macho yangu?"

Eunike alimtazama shemeji yake, akamnyooshea kile kidude cha kuongelea na kumwonyesha kitufe cha kubana. Gadiel hakuwahi kukishika maishani mwake. Alikileta mdomoni kabisa na kuongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya korongo.

"Umesogea. Nimeusogeza mimi. Pita."



"Shikamoo, baba mkubwa," Angel alisema, na sauti ilikuwa si ya rubani tena.

"Marahaba, mama. Upepo unatoka mlimani, si mkali. Njoo nyumbani."

Ndege ilitokea juu ya Usa, ikageuka, ikashuka taratibu. Ilipita juu ya isale, ikapita juu ya migrevilea iliyokatwa, na magurudumu yakagusa nyasi bila kuruka hata mara moja, yakaja yakipanda uwanja kuelekea kwao. Eunike alikuwa anasema asante, asante, bila kumtaja anayeambiwa. Gadiel alisogea dirishani akasimama bega kwa bega na mdogo wake, bado amekishika kile kidude, kidole bado kimebana kitufe. Aliuangalia uwanja kutoka chini mpaka juu.

"Nyasi umezikata vizuri," alisema.

Marubani wote waliokuwa angani saa ile kati ya Meru na Serengeti walimsikia. Aminieli aliweka kofia yake kichwani, akaivua, akaenda nje kumpokea mtoto.